Kitufe cha Kijani kwenye Simu ya Marehemu

Uliyefika leo, vuta kiti. Waliokuwepo tangu mwanzo watanisamehe nikirudia kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi mkuu wa kompyuta katika hospitali kubwa. Ugonjwa ulipomlaza hakuacha kazi. Aliifanya kitandani, mto mgongoni, kwa simu ya ofisi. Alipofariki niliificha simu ile. Sebule ikiwa imejaa jamaa zake, nikasema imepotea wodini. Uongo mtupu, na mimi ni mtu wa sala. Lakini ndani ya simu kulikuwa na sauti yake, na sikuona kwa nini sauti ya mume wangu irudishwe ofisini pamoja na funguo za kabati.

Laini yake ilikatwa. Simu yenyewe ikabaki hai, ikinasa mtandao wa nyumbani aliouweka mwenyewe. Kisha ikaanza kulia kila asubuhi, mimi nikiwa katikati ya sala. Meseji ya ofisi, ya Kiingereza, na chini yake vitufe viwili, kimoja cha kijani na kimoja cha kijivu. Shule yangu mimi iliishia ya msingi. Nilivumilia, ikazidi. Asubuhi moja nikabonyeza cha kijani ili inyamaze.

Ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwa ukimya ule.

Haukupita muda, binti yangu, aliyeajiriwa kitengo kile kile cha baba yake, akarudi nyumbani mchana kweupe, shingoni hana kitambulisho. Wamemvua. Hapo ndipo tulipomwacha, kasimama mlangoni, viatu mkononi.

Aliingia jikoni akakaa juu ya ndoo. Viti vilikuwepo. Nikajua mambo yameharibika, maana tangu utotoni akiumia hutafuta pa chini.

Baba yake alimwita Fundi. Jina lilianza siku alipofungua redio yetu na kuifunga tena ikiwa inaongea, ingawa skrubu kadhaa zilibaki mezani hazina pa kwenda. Nami mtaa mzima wakaniita Mama Fundi.

"Kunywa chai, Fundi."

"Mama, wanasema nimeua mashine ya picha."

Nikamuuliza mashine inauawaje. Nilidhani amepiga kitu teke, au amemwaga maji. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akaniambia ile mashine haishikiki. Haina bati wala waya.

"Chukua hili jengo tunaloishi," akasema. "Jengo ni moja, wapangaji kibao, kila mtu na mlango wake. Pale kazini kuna masanduku machache ya chuma kwenye chumba cha baridi. Hayo ndiyo jengo. Ndani yake wamo wapangaji. Mmoja anatunza picha za eksirei, mmoja anatunza hesabu ya dawa, mmoja zamu za wauguzi. Kila mmoja anajiona kompyuta nzima, kumbe ni chumba. Tunaziita mashine pepe."

"Na msimamizi wa jengo ni nani? Wewe?"

"Ningekuwa mimi ningelala saa ngapi? Msimamizi ni programu. Inafungua vyumba, inafunga, inagawa nafasi, sanduku likielemewa inahamisha mpangaji bila hata kumwamsha. Baba ndiye aliyeifundisha yote hayo. Na kila mpangaji lazima awe na mdhamini, mtu wa ofisini. Muda wa mpangaji ukiisha, msimamizi anamuuliza mdhamini, huyu aendelee au atoke? Akijibiwa atoke, anamtoa na chumba kinafagiliwa."

"Papo hapo? Hata kuuliza mara ya pili?"

"Baba alikuwa hapendi kuulizwa mara mbili. Unamjua."

Namjua. Ukimuuliza mara mbili kama chumvi imetosha, alikuwa anainuka mezani.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini polepole, kama vile ndani kuna mtoto amelala. Nikamuuliza huyo msimamizi anamuuliza mdhamini kwa njia gani, kwa mdomo au vipi.

"Kwa meseji, kwenye simu. Inakuja na vitufe viwili."

"Na cha kumtoa mtu, bila shaka ni chekundu."

"Cha kijani," akasema Fundi. "Baba alisema chekundu kinawatisha watu wanashindwa kufanya uamuzi."

Nikashika ukingo wa sinki.

Mengine aliyasema akiwa ameinama, anakisugua kitako cha kikombe. Mdhamini wa mashine ya picha alikuwa baba yake, na alikuwa bado ni baba yake mpaka leo. Fundi aliwakumbusha wakubwa wahamishe udhamini, akaambiwa subiri, akawakumbusha tena, akaambiwa ana haraka ya kurithi. Sasa amri ya kuitoa mashine imekuja kwa jina la marehemu, kutoka kwenye simu ya marehemu. Nakala ipo, lakini ni ya zamani. Picha za karibuni zote zimekwenda, na wagonjwa waliokuwa tayari kupasuliwa wamerudishwa vitandani.

"Marehemu habonyezi, Mama. Kwa hiyo wanamtafuta aliyelala naye nyumba moja. Wameniuliza simu ya baba iko wapi. Nimewaambia ilipotea wodini, na kama hamniamini mimi muulizeni mama yangu. Mama yangu akiokota kijiko cha jirani uani anakipeleka kimeoshwa. Mama yangu hadanganyi." Akainua uso. "Nimeapa kwa ulimi wako."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, Mungu aliona.

Mtu akakohoa mlangoni.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, tai shingoni kama kawaida yake. Shemeji huyu hata kuja kuangalia bomba linalovuja anavaa tai. Alikuwa ametoka kumwona mkuu wa kitengo, mwanamke wanayemwita Bi Mkuu, na amerudi na kile alichokiita njia ya heshima. Fundi akubali kosa kwa mdomo wake, leo hii, ataacha kazi kimyakimya na habari itaishia pale. Akikataa, jioni suala linakwenda polisi.

"Kukubali ni neno moja tu," akasema.

"Baba Mdogo, nikubali nisilolifanya?"

"Mwanangu, rumande hakuna kiyoyozi."

Akasema jina la kaka yake lisiburuzwe mahakamani. Akasema kazi zipo nyingi. Akasema mengi, na katika yote yale alikuwa hanitazami, maana alijua ningemwona machoni kwamba anaogopa kuliko sisi. Fundi akanawa uso kwenye sinki la vyombo, akajifuta kwa kitambaa cha sufuria.

"Niombee, Mama," akasema, wakaondoka.

Niliingia chumbani nikapiga magoti. Sala haikuja. Kila nikianza, ulimi ulirudi kwenye kile kitufe. Nilimwomba Mungu ukimya, akanipa. Sasa nilikuwa namwomba nini tena?

Simu ilikuwa ndani ya buti la mvua la marehemu, pale pale, na chaji imejaa. Sikuwahi kuiacha iishiwe. Nikaiweka sikioni, nikasikiliza ile rekodi yake ninayoipenda kuliko zote. Hakuna cha ajabu ndani yake.

"Mke wangu, nitachelewa, mtambo umegoma. Chakula usiniwekee, niwekee chai. Na tafadhali, komeo la ndani usilifunge. Jana nimelala kwenye ngazi kama paka wa watu."

Halafu anacheka, na kabla cheko halijaisha, linakatika.

Nilijua nikiipeleka simu hii sitarudi nayo. Nilijua nitamfanya binti yangu mwongo mbele ya mabosi wake, na mimi mwongo mbele ya ukoo. Lakini nilihesabu kwamba ni afadhali waniite mimi mwongo kwa lililo kweli kuliko wamwite yeye mharibifu kwa lisilo kweli. Ndivyo nilivyohesabu. Hesabu za mtu wa shule ya msingi.

Nikaisikiliza tena mara moja. Nikaitia kwenye mkoba, nikajifunga kanga vizuri, nikatoka.

Kitengo cha kompyuta kiko ghorofani, nyuma ya hospitali, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya chumba cha eksirei. Mabenchi yalikuwa yamejaa, waliokosa pa kukaa wameegemea ukuta. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mwenye mguu uliofungwa vibao. Aliponiona nimesimama akadhani nami nimerudishwa, akanisogezea nafasi.

"Wanasema mashine imesahau," akaniambia. "Imewezaje kusahau mguu wa mwanangu? Juzi si ilimwona?"

Nikamwambia pole. Pole ile iliniunguza mdomo, nikaharakisha.

Mlinzi wa ghorofani alinitambua. Mume wangu alikuwa akimwachia gazeti kila siku akimaliza kusoma. Akanipa pole ya mume, akanipa na pole ya binti, akanifungulia mlango bila kuniandikisha.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa kuuma meno. Upande mmoja ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo yale masanduku, marefu, meusi, taa ndogondogo zikipepesa. Kwa hiyo lile ndilo jengo. Miaka yote ile mume wangu anatoka kitandani kwenda kulitazama, na mimi ndiyo naliona leo.

Kwenye kompyuta alikuwa amekaa mwanamume wa makamo wanayemwita Miwani, fundi mwenzake Fundi. Bi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye kiti. Hawakuniona.

"Funga akaunti ya marehemu," alikuwa anasema Bi Mkuu. "Huyo mwenye simu yake, popote alipo, asibonyeze tena kitu."

"Nifunge kabisa?"

"Kabisa. Ilikuwa ifungwe zamani."

Miwani akagonga, akagonga tena.

Ndani ya mkoba wangu kitu kikatetemeka. Nilidhani ni mkono wangu.

Bi Mkuu alipogeuka na kuniona, uso wake ulilegea kidogo. Alinikumbuka msibani. Akaniambia karibu Mama, ingawa naona umekuja wakati mgumu, tunamalizia. Akafungua mlango wa chumba cha pili.

Fundi alikuwa amekaa mezani. Kitambulisho chake kilikuwa katikati ya meza, mbali na mkono wake. Shemeji alikuwa kando, anajinyoosha tai. Mdomo wa binti yangu ulikuwa umeshafunguka, na neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyebonyeza ni mimi."

Nilieleza yote nikiwa nimesimama, bila kuomba kiti. Simu niliyoificha, meseji za asubuhi, kitufe cha kijani. Sikujitetea. Nilisema nilikuwa sijui maana yake, na kwamba kutojua kwangu kusimwangukie mtoto.

Bi Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea nami kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha.

"Mama, ningekuwa mimi nina binti pale alipokaa, ningekuja na maneno hayo hayo. Pengine nisingeyapanga vizuri kama wewe."

"Shemeji," akasema shemeji yangu, sauti ya chini, "simu ulisema ilipotea. Mbele ya wazee wote."

"Nilidanganya."

"Siku ile, au leo?"

Basi nikaitoa. Nikaiweka mezani, karibu na kitambulisho, na kasha lake lile lile lililopasuka pembeni. Nikasema hii hapa. Fungueni wenyewe, meseji zote zimo, mtaziona na mtaona saa zake, kila asubuhi Fundi akiwa bafuni na mimi kwenye mkeka wangu.

Hakuna aliyeigusa. Nilitegemea watanitazama mimi. Bi Mkuu alikuwa anamtazama binti yangu.

"Kwa hiyo simu ipo," akasema. "Na ilikuwa nyumbani kwenu. Na umetuapia kwamba haipo."

Nikaona nilichofanya. Asubuhi walikuwa na shaka tu. Mimi ndiye niliyewaletea silaha, nimeifunga kwenye mkoba, nimewawekea mezani.

"Hakujua," nikasema. "Yeye alikuwa hajui."

"Mama, ni nyumba ya vyumba vingapi hiyo?"

 Niliichukua simu mwenyewe, nikapitisha kidole kwenye kioo kwa ile alama yake ya kuifungulia, kona mbili na katikati, niwaonyeshe mambo yaishe. Kidole hakikukuta kitu cha kufungua. Kioo kilikuwa cheupe. Ile picha yetu ya harusi ya binamu, iliyokaa pale siku zote, haikuwepo. Katikati ya weupe kulikuwa na maneno ya Kiswahili safi, maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyowahi kuyaona kwenye simu ile.

Karibu. Chagua lugha.

Bi Mkuu akamwita Miwani. Akaja, akaishika, akaigeuza, akairudisha mezani taratibu. Akaeleza akiitazama meza. Simu za ofisi zimefungwa pamoja na akaunti ya mwenyewe. Akaunti ikifungwa, amri inatoka, na simu popote ilipo ikipata mtandao inajifuta na kuwa kama imetoka dukani, ili mwizi asikute siri za hospitali. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo. Na simu hii ilikuwa inaujua mtandao wa jengo hili kama mbuzi anavyojua zizi lake. Nilipoingia tu mlangoni, imeunganika.

"Ningebaki barabarani?" nikamuuliza.

"Barabarani hakuna mtandao wetu, Mama. Isingepata amri."

"Na sauti?"

"Sauti gani, Mama?"

"Ya mume wangu. Alikuwa anaongea humo."

Miwani akamtazama Bi Mkuu. Bi Mkuu akatazama kiyoyozi.

Wa kwanza kuongea alikuwa Fundi. 

"Ulikuwa na sauti ya baba?"

"Mwanangu."

"Nimezunguka kwa kila mtu aliyewahi kuongea naye. Nimewauliza mpaka wauza vipuri kama wana hata rekodi moja, hata ya kugombana. Wewe ulikuwa unamsikiliza chumba cha pili."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimepanga kumpa. Siku moja, mambo yakitulia. Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa akiisikia ataidai, na ikitoka chumbani kwangu haitarudi. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalofaa kusemwa mbele ya watu. Nikasema tu kwamba alikuwa anaomba asifungiwe komeo.

Fundi akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na machozi, na hilo sikulipenda.

"Haya," akasema, akimgeukia Bi Mkuu. "Mlitaka nikubali."

"Bi Mkuu," Miwani akaita. Alikuwa amerudi kwenye kompyuta yake, na mlango ulikuwa wazi. "Mashine ya zamu imezimika."

"Iwashe."

"Nimeiwasha. Imezimika tena." Akagonga tena. "Na ya dawa."

Fundi akainuka nusu. Akauliza wamefanya nini. Bi Mkuu akasema hakuna walichofanya ila kufunga akaunti ya marehemu, jambo la usalama.

"Mmehamisha udhamini kwanza?"

 Nikaona nyuma ya kioo zile taa ndogo zinaendelea kupepesa vile vile, kama watu wasioambiwa kuna msiba.

"Mmehamisha udhamini kwanza, au mmefunga tu?"

"Umesema mwenyewe ulitukumbusha, tukakwambia subiri," akasema Bi Mkuu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika katikati.

Hata mimi nilielewa. Kumbe mume wangu hakumdhamini mpangaji mmoja. Alidhamini karibu nusu ya jengo. Alipokuwa marehemu wa kawaida, akaunti yake ipo, msimamizi alimhesabu yu hai na wapangaji wake wakalala salama. Leo ndipo wamemwambia msimamizi kwamba huyu mtu hayupo tena. Na msimamizi alifundishwa, na mtu huyo huyo, kwamba mpangaji asiye na mdhamini anatoka.

Fundi akayasema hayo kwa kifupi zaidi. Akasema sasa inawazima mmoja mmoja, inaanza na wadogo. Ikimaliza kuwazima itawafagia. Na humo ndani ipo ile nakala ya zamani ya picha, nayo mdhamini wake ni baba.

Simu za mezani zikaanza kulia. Moja, nyingine, kisha zote kwa pamoja.

"Izuie," Bi Mkuu akamwambia Miwani.

"Mimi nilifundishwa kuiendesha," akasema Miwani. "Kuizuia alifundishwa yeye peke yake. Mzee hakuwa na muda wa watu wawili."

Bi Mkuu akakisukuma kitambulisho juu ya meza mpaka kikagusa vidole vya binti yangu. Akasema amerudishiwa ruhusa zote, sasa hivi, akae kwenye kompyuta. Mengine wataongea baadaye.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuweka mkono juu ya kile kitambulisho. Tai ilikuwa imempinda na hakuinyoosha.

"Usiguse," akasema. "Mwanangu, nisikilize mimi baba yako mdogo. Ukiweka kidole tu kwenye mtambo huo, kila kitakachokufa humu leo ni chako. Watasema amemaliza alichokianza. Shahidi wako ni nani? Mama yako?"

"Na asipogusa," akasema Bi Mkuu, "chini kuna watu wamelala wanasubiri dawa ambazo hakuna tena anayejua ni zipi."

"Hao ni wagonjwa wako, mama. Huyu ni mtoto wetu."

Nje ya mlango Miwani alikuwa anataja majina kwa sauti ndogo, kila moja linapozimika. Maabara. Mapokezi. Alikuwa kama mtu anayesoma majina ya jamaa kaburini.

Akilini nilimwona yule mama wa mtoto wa vibao. Nilimwona binti yangu nyuma ya mlango wa chuma. Niliwaona wote wawili kwa pamoja, na Mungu ni shahidi, sikujua ni yupi niliyemtazama zaidi.

Fundi hakumtazama Bi Mkuu. Hakumtazama baba yake mdogo. Alikigeuza kitambulisho, ile picha yake ikawa juu, akanielekea mimi. Ana macho ya baba yake, yale ya kukataa kuulizwa mara mbili.

"Sema wewe, Mama," akasema. "Nyumbani kwetu mbonyezaji ni wewe. Nibonyeze, au niache?"

Wote wakageuka kunitazama. Na mimi nilikuwa nimeshika simu tupu mkononi, yenye kasha lililopasuka, inaniuliza kwa adabu nataka kusema kwa lugha gani.